Kutunza Mercedes-Benz W124 kwa mikono yako: anza na mpira, plastiki na waya

Benzi ya W124 haiuawi na chuma chake. Ilitoka mwishoni mwa 1984, saluni zake zikatengenezwa Ujerumani hadi 1995, na nyingi kati ya hizo bado zinatembea na injini ileile iliyotoka nayo kiwandani. Kinachozeeka ni mpira, plastiki na maganda ya waya. Vitu hivyo sasa vina miaka 30 na zaidi, gari liwe limetembea kila siku au limelala uani. Ndiyo maana W124 huingia gereji na mpira mdogo uliopasuka, ikatoka imefunguliwa hedi au imewekewa giaboksi ya mtumba, na tatizo likabaki palepale.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: kwanza mipira ya vakyumu (mvuto wa hewa unaoendesha vifaa mbalimbali vya gari), halafu umeme, halafu mfumo wa maji, ndipo oili na giaboksi, mwisho kabisa miguu na bodi. Usiruhusu mtu afungue injini kabla hujamaliza hatua tatu za kwanza.

Lijue gari lako kabla ya kununua spea

Soma namba ya chesisi. Baada ya herufi WDB kuna tarakimu sita zinazokuambia ni gari gani hasa: 124023 ni 230E, 124026 ni 260E, 124030 ni 300E ya injini ya M103. Muuza spea wa Gerezani, Kariakoo au wa Kirinyaga Road, Nairobi, akikuuliza "Benzi gani?", usimjibu "ile ya taa za mraba". Mpe hizo tarakimu na aina ya injini, maana W124 mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana themostati, plagi, brekipedi na hata rejeta.

Injini za petroli utakazokutana nazo zaidi ni M102 ya silinda nne na M103 ya silinda sita, ambazo kwa kawaida zinatumia mfumo wa petroli wa Bosch KE-Jetronic, kisha M111 na M104 zilizokuja baadaye zikiwa na kompyuta zaidi. Za dizeli ni OM601, OM602 na OM603. Dizeli zina mambo yake, lakini sehemu ya vakyumu, maji na giaboksi inazihusu vilevile.

Vifaa: soketi kuanzia milimita 8 hadi 19 na moja ya 27, funguo za aleni (ya 5 utaitumia sana), toki renchi, multimita, jeki nzuri na stendi nne za chuma. Stendi si hiari. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Bonneti ya gari hili inaweza kusimama wima kabisa ukiachia vishikizo vya bawabani, na hapo utapata nafasi ya kufanya kazi ambayo magari mengi ya leo hayana.

Hatua ya kwanza: mipira ya vakyumu

Katika W124 vakyumu inafunga na kufungua milango, inasaidia breki, inasogeza vifuniko vya hewa ya ndani, na kwenye giaboksi ya otomatiki inaamua jinsi gia zinavyoingia. Kwenye dizeli ndiyo inayozima injini. Ukizungusha ufunguo kuzima na dizeli ikaendelea kunguruma, usilaumu swichi. Kuna mahali vakyumu inavuja, mara nyingi kwenye milango.

Anza na injini ikiwa baridi na imezimwa. Tafuta vipande vidogo vya mpira mweusi, vya umbo la kiwiko, vinavyounganisha mabomba membamba ya plastiki. Vikunje kwa vidole. Mpira mzuri unakunjika na kurudi. Uliokufa unaonyesha nyufa nyembamba pale kwenye kona, au unakatika mkononi. Badilisha vyote kwa pamoja, kwa sababu vimezaliwa siku moja na vitakufa karibu siku moja.

Kwenye injini za KE kuna mpira mkubwa uliojificha chini ya kipimo cha hewa, unaokiunganisha na throtoli (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini). Kuuona vizuri lazima utoe boksi la filta ya hewa na kuchungulia kwa tochi. Ukipasuka, hewa isiyopimwa inaingia, gari linamisi, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, na asubuhi linawaka kwa shida. Mipira midogo ya duara inayoshika nozeli nayo hukauka ikawa migumu kama plastiki. Ing'oe nozeli moja uangalie: mpira ukibonyezwa na ukucha bila kuacha alama, seti nzima imekwisha.

Kutafuta uvujaji injini ikiwa inawaka, chukua kipande cha bomba la mpira, weka ncha moja sikioni na nyingine uipitishe taratibu kwenye maungio. Mlio wa "sss" utausikia wazi. Sishauri kupulizia dawa ya kusafisha kabureta juu ya injini yenye ekzosti ya moto, ingawa wengi hufanya hivyo. Moto huanza namna hiyo.

Na hapa kuna jambo linalogharimu watu fedha nyingi. Gia zikiingia kwa kishindo, fundi wengi watasema giaboksi imekwisha. Kabla hujakubali, fuata bomba jembamba linalotoka kwenye injini hadi kwenye kifaa cha duara kilicho ubavuni mwa giaboksi, kinachoitwa modyuleta. Likiwa limepasuka au limechomoka, giaboksi inadhani umekanyaga mafuta hadi mwisho na inabadilisha gia kwa nguvu. Chomoa bomba hilo kwenye modyuleta pia: ukikuta oili nyekundu ndani yake, kiwambo cha modyuleta kimetoboka na injini ya petroli inavuta na kuunguza oili ya giaboksi. Ni kifaa kidogo cha kubadilisha, si giaboksi nzima.

Msiguse skrubu ya aleni ya milimita 3

Hili nalisema kwa mkazo. Kati ya kigawa petroli na sahani ya kupima hewa kwenye KE-Jetronic kuna tundu refu, ndani yake skrubu ya aleni ya 3. Inarekebisha mchanganyiko wa petroli na hewa, na kiwanda kiliiziba makusudi. Kila gari linapomisi, mtu hupenyeza aleni na kuzungusha "kidogo tu". Matokeo yake ni gari lenye mpira uliopasuka na mchanganyiko ulioharibika, matatizo mawili badala ya moja. Skrubu hiyo inaguswa mwisho kabisa, baada ya uvujaji wote kuzibwa, plagi na distribyuta kuwa nzima, na kukiwa na kipimo cha umeme kinachoonyesha kompyuta inarekebisha kwa kiasi gani.

Hatua ya pili: umeme

Kabla ya kuchomoa betri, hakikisha unayo namba ya siri (code) ya redio. Redio nyingi za Becker zilizokuja na magari haya zinajifunga umeme ukikatika. Kisha toa waya wa hasi.

Nyuma ya betri, ukitoa ukuta wa plastiki, utaona rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya chuma yenye fyuzi nyekundu ya ampea 10 juu yake, chini ya kifuniko kidogo. Baadhi zina fyuzi mbili. Hii ndiyo rilei ya kuzuia umeme kupita kiasi, inayolinda kompyuta ya petroli na ya ABS. Dalili yake kubwa ni taa ya ABS kuwaka na sailensa kuvurugika kwa wakati mmoja. Ukiona hizo mbili pamoja, usitafute kwingine kwanza. Fanya hivi:

1. Kagua fyuzi. Iwe nzima kwa macho na kwa multimita.
2. Chomoa rilei, safisha miguu yake na ya soketi.
3. Fungua ganda la chuma kwa uangalifu. Angalia upande wa nyuma wa bodi yake: lehemu iliyochoka inaonyesha duara jembamba jeusi kuzunguka mguu. Yeyusha upya kila kiungo kwa bunduki ya lehemu.
4. Rudisha, washa gari, tembea. Taa ikizima, umepata. Bado nunua rilei mpya taratibu, maana iliyolehemiwa ni ya kukusogezea siku. Usiirukie moja kwa moja kwa waya: ukifanya hivyo, kompyuta itakuwa imebaki bila ulinzi siku jenereta itakapopandisha volti.

Rilei ya pampu ya petroli huugua ugonjwa uleule wa lehemu. Gari linalozima likiwa moto na kuwaka tena likipoa mara nyingi ni hilo.

Kama gari lako ni la kati ya 1992 na 1995 lenye injini ya M104 au M111, kuna jambo zito zaidi. Maganda ya waya wa injini wa miaka hiyo yanajiharibu yenyewe kwa joto. Fungua kidogo koti la nje karibu na injini, mahali penye joto zaidi, na ukunje waya mmoja taratibu. Ganda likipukutika kama ukoko wa mkate na shaba ikaonekana, acha kuchezea hapo. Waya zikigusana zinaweza kuunguza kompyuta, ambayo ni ghali kuliko waya wenyewe. Kuzungushia tepu si tiba, kwa sababu ganda linaendelea kuvunjika chini ya tepu. Ama unapata mkanda mpya wa waya, ama fundi umeme makini anausuka upya, waya kwa waya, kwa kutumia waya unaovumilia joto na kurudisha soketi za asili. Kifaa cha umeme kwenye throtoli nacho kina waya hizohizo, kwa hiyo fanya vyote viwili.

Hatua ya tatu: maji ya injini

Kama kuna tabia moja ningependa ife kwenye gereji zetu, ni kutoa themostati na kuitupa "kwa sababu huku kuna joto". Themostati ya injini hizi inafanya kazi mbili. Inafungulia maji kwenda kwenye rejeta, na wakati huohuo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Kwenye mlima, gari limejaa na kiyoyozi kimewashwa, litachemka. Kwenye barabara ya tambarare litabaki baridi kupita kiasi, KE itaongeza petroli ikidhani injini bado haijapata moto, na petroli hiyo itaosha oili kwenye kuta za silinda.

Themostati ya kawaida hapa ni ya nyuzi 87. Unaweza kuipima jikoni: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, weka kipimajoto na upashe moto. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na 87, na kuwa karibu wazi kabisa maji yanapochemka. Isiyofunguka, au inayofunguka maji yakiwa vuguvugu, haifai.

Utaratibu wa kubadilisha maji:

1. Injini iwe baridi kabisa. Fungua mfuniko wa tangi la maji.
2. Mwaga maji kwenye kizibo cha chini cha rejeta, kisha kwenye bolti ya kumwagia iliyo ubavuni mwa bloku. Wengi huiruka hii ya pili, na nusu ya uchafu hubaki ndani. Kusanya maji kwenye beseni. Kulanti ni tamu na ni sumu kwa watoto na mifugo.
3. Suuza kwa maji safi mpaka yatoke bila kutu, hita ikiwa kwenye joto la juu pande zote mbili.
4. Weka themostati mpya na mpira wake mpya. Kile kitundu chenye kijiwe kinachocheza kiwe juu kabisa, ndipo hewa inapotokea. Bolti zake ni ndogo na nyumba yake ni ya aluminiamu, kwa hiyo kaza kwa kiasi.
5. Angalia shingo ya plastiki ya rejeta pale mpira wa juu unapoingia. Ikiwa imebadilika rangi kuwa kahawia na ina nywele za nyufa, badilisha rejeta sasa. Shingo hiyo hukatika ghafla ukiwa safarini, maji yote yanamwagika kwa pigo moja, na gasketi ya hedi inafuata. Usikaze klipu kupita kiasi ukidhani unaisaidia.
6. Jaza nusu kulanti na nusu maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri (si asidi). Minya mipira kwa mkono hewa itoke, washa, subiri mshale upite 80, ongeza, zima. Kesho yake asubuhi angalia kiwango tena.

Feni ya mbele inaendeshwa na klachi ya mnato. Injini ikiwa moto na imezimwa, jaribu kuizungusha kwa mkono: iwe nzito. Ikizunguka kama pangaboi bila upinzani, klachi imekwisha. Zile feni za umeme zilizo mbele ya rejeta ni za msaada, hupiga kwa nguvu mshale ukifika karibu 105. Mshale kutembea kati ya 80 na 100 kwenye foleni ya mchana ni kawaida ya gari hili, hivyo usianze kufunga feni za ziada na swichi za mkononi kwa sababu hiyo.

Kabla ya kukubali kwamba gasketi ya hedi imekwenda, shika mpira wa juu asubuhi kabla ya kuwasha. Ukiwa mgumu wenye presha wakati injini ilikuwa imezimwa usiku kucha, hapo kuna la kuzungumza. Kwenye M104, oili inayochuruzika kona ya nyuma ya hedi upande wa ekzosti ni gasketi pia. Ikiwa ni jasho tu na maji hayapungui, unaweza kuendelea kuitazama huku ukitafuta fedha.

Oili na plagi

Kwa joto la huku, 15W-40 nzuri inatosha kwa injini za zama hizi. M103 inachukua takriban lita 6 pamoja na filta. Kwa vumbi na foleni zetu, nisingepita kilomita 7,500 kabla ya kumwaga.

Kipimo cha presha ya oili kinawatisha wengi bure. Injini ikiwa moto na ipo kwenye sailensa, kushuka hadi bar 1, hata chini ya hapo kidogo, si ugonjwa. Kiwanda kinakubali hadi 0.3. La muhimu ni mshale upande hadi 3 mara tu unapokanyaga mafuta. Kumwaga oili nzito ili mshale upendeze kunachelewesha oili kufika juu asubuhi.

M102 na M103 zinataka plagi za kawaida za shaba zisizo na rezista, mwanya wa milimita 0.8. Plagi za bei kubwa za platinamu hazizisaidii chochote. Toa pia kifuniko cha distribyuta, kwa sababu unyevu wa pwani unaacha unga wa kijani kwenye miguu yake.

Oili ya giaboksi

Giaboksi ya otomatiki ya gia nne ni imara mno ikipewa oili safi. Kila kilomita 60,000 inatosha, na usiamini wanaosema oili yake ni ya maisha.

Pandisha gari kwenye stendi likiwa limelala sawa. Mwaga kwenye kizibo cha sufuria kwa aleni ya 5. Kisha toa kizibo cha tundu lililo chini ya nyumba ya kigeuza nguvu (torque converter), weka soketi ya 27 kwenye bolti ya krenki na uzungushe injini kufuata saa, ukitazama kutoka mbele, mpaka kizibo cha aleni kijitokeze tunduni. Fungua, oili nyingine itatoka. Bila hatua hii unabaki na karibu nusu ya oili ya zamani. Shusha sufuria, badilisha filta na gasketi, safisha. Bolti za sufuria zinakazwa Nm 8 tu (Nm ni kipimo kilicho kwenye toki renchi), na vizibo vya kumwagia Nm 14.

Mimina lita 4 za oili ya otomatiki aina ya Dexron kupitia bomba la kijiti, washa, pitisha kwenye kila gia ukikanyaga breki, rudi P, kisha ongeza kidogo kidogo. Kipimo cha mwisho kinasomwa injini ikiwaka, gari likiwa kwenye P na giaboksi ikiwa moto. Kati ya alama mbili za kijiti ni kiasi kidogo sana, kwa hiyo ongeza kwa vikombe. Futa kijiti kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, maana nyuzi moja inaweza kukwama kwenye vali.

Chini ya gari

Shokapu za mbele za W124 zinaweza kukuua usipojua hili. Springi haikai kwenye shokapu kama kwenye Toyota nyingi. Imesimama peke yake kati ya bodi na mkono wa chini, na shokapu ndiyo inayozuia mkono huo usishuke. Ukifungua nati ya juu gurudumu likiwa linaning'inia, mkono unaanguka na springi inafyatuka. Kwa hiyo weka jeki chini ya mkono, karibu na boli jointi, uinue kidogo, na usiiguse jeki hiyo mpaka shokapu mpya imefungwa juu na chini. Bushi za mkono zenyewe zinahitaji kifaa maalumu cha kubana springi kwa ndani. Hiyo mpelekee mwenye kifaa.

Usukani unaolegea katikati hutokana zaidi na bushi za aidla ama (mkono mmojawapo wa mfumo wa usukani) kuliko boksi la usukani, na seti yake ya bushi ni spea ya bei ndogo. Mtetemo unaohisiwa sakafuni ukiondoka, anza kukagua mipira miwili ya duara ya propela shafti na mpira wa bearing ya katikati. Injini inayotikisa gari lote kwenye D imekaa kwenye mauntingi (mipira inayoibeba) zilizobonyea.

Maji ya breki ni DOT 4, kila miaka miwili. Toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Bolti za magurudumu ni Nm 110, zikazwe kwa mkono na si kwa mashine ya upepo.

Bodi, hasa kwa wa pwani

Hewa ya chumvi ya Tanga, Dar es Salaam au Mombasa inaanzia mahali usipopaona. Toa vifuniko vya plastiki vya sehemu za jeki na uchokoe kwa bisibisi. Kwenye magari ya kuanzia 1989 yenye paneli za plastiki ubavuni, kutu inaweza kuwa imekula nyuma yake wakati nje panang'aa. Safisha majani yanayokusanyika chini ya kioo cha mbele, karibu na betri na rilei, kwa sababu maji yakituama hapo yanaingia kwenye kompyuta na kwenye zulia. Mifereji ya sanrufu izibue kwa mshipi mnene wa kuvulia, taratibu. Upepo wa kompresa unaichomoa ndani ya paa.

Waipa moja ya gari hili ina gia inayoirefusha na kuifupisha ili ifike kwenye pembe za kioo. Ikianza kulia au kwenda polepole, toa kifuniko chake, futa grisi iliyokauka na upake mpya kabla ya msimu wa masika, maana ikivunjika jino ni lazima utafute mkusanyiko mzima.